Kona ya Baiskeli: Kuamka ni rahisi bwana, mtihani ni kusimama

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kidogo na karibu nusu zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba mtu akiwa peke yake barabarani wiki mbili tatu, hana kocha, hana mwenzake, bosi hayupo, nani anamwamsha na nani anamwambia leo basi. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu. Nyie mlioulizia bei za mtumba mtanisamehe, toleo lijalo inshallah.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nipo Morogoro, nina miaka 24. Mwaka jana mwezi wa 7 niliondoka peke yangu kwenda Mwanza kupitia Dodoma na Singida. Siku ya kwanza nikanyonga moja kwa moja mpaka Gairo, kama km 130, nikafika nacheka. Siku ya pili nikasema leo Dodoma, nikafika saa 2 usiku tochi ya simu iko mdomoni. Siku ya tatu nimeamka saa 4 asubuhi, goti limekataa, nikakaa Dodoma siku tatu naangalia muvi gesti, ya nne nikapakia baiskeli kwenye basi nikarudi nyumbani. Mtaani wananiita "Mwanza" mpaka leo. Nataka kwenda tena ila naona sina nidhamu, nifanyeje?

JIBU: Marahaba Mwanza (samahani mwanangu, imenitoka). Kwanza tuelewane, mtu asiye na nidhamu hafiki Gairo siku moja na mzigo nyuma. We nidhamu ya kukaza unayo, tena imezidi, uliyokosa ni ile ya kushuka kwenye baiskeli wakati miguu bado inataka. Hiyo ndo ngumu, na hakuna anayekusifia ukiwa nayo, maana nani anapiga makofi kwa mtu aliyelala mapema?

Na mi sikucheki, yalishanikuta. Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Dar mpaka Mbeya. Nimefika Ruaha Mbuyuni jua bado liko juu, nikala, nikanunua vitunguu viwili vya kwenda navyo, mwili unajisikia vizuri kabisa, saa inasoma 10 jioni. Mtu mwenye akili angelala pale. Mi nikasema aah, mlima Kitonga naumaliza leo leo. Kilichofuata sitaki hata kukumbuka, nimesukuma baiskeli kwenye zile kona giza limeshaingia, malori yanapanda kwa gia ya kwanza yananguruma na hayana pa kukukwepea, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo. Nikalala juu kwenye banda la mama mmoja wa chai aliyenihurumia, na siku mbili zilizofuata sikufanya kitu cha maana. Ukipiga hesabu, yale masaa mawili niliyojifanya nayaokoa yamenigharimu siku mbili. Na wewe ni hivyohivyo, zile km za Dodoma ya usiku ulizilipa kwa basi la kurudi.

Kwa hiyo safari hii usipange kwa kilomita, panga kwa saa. Mi sheria yangu ni saa 9 na nusu alasiri nipo chini, iwe nimekula km 90 au 45, na iwe najisikia simba au najisikia kanga. Kitu pekee kinachoniruhusu kuvuka hapo ni kama nilipo hakuna maji wala watu, na hiyo nayo inamaanisha nilipanga vibaya jana yake.

Asubuhi simu inaita saa 11. Sikurupuki, nakunywa maji nusu lita, chai na chapati mbili au kiporo kama mama ntilie ameniwekea, choo, napaka mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana, halafu nasubiri mwanga. Gizani siingii barabarani, hiyo haina mjadala. Kuna kitu kidogo watu hawakiangalii, nchi yetu ni pana na saa ni moja, kwa hiyo mwezi wa 7 Dar jua linatoka saa 12 na nusu hivi wakati Mwanza inakaribia saa 1, kama dakika 20 za tofauti. Ukiwa unaelekea magharibi kila siku chache sogeza alamu mbele kidogo, la sivyo utajikuta umekaa kwenye ngazi ya gesti unatazama giza na kuchukia maisha.

Kwa nini mapema? Wengi wanasema jua kali, sawa, ila kwa njia yako wewe mkubwa zaidi ni upepo. Kiangazi kati ya Dodoma na Singida asubuhi hewa imetulia, ardhi ikishapata joto upepo unaamka nao, saa 5 saa 6 unavuma hasa. Kwenda Mwanza utakuwa unakusukuma mgongoni sehemu kubwa kwa sababu unatokea mashariki na kusini mashariki, na hapo ndo mtego wenyewe, unajiona bingwa unapitiliza kituo. Siku ukirudi na baiskeli ndo utajua Singida wana upepo wa namna gani.

Nikianza mwanga ukitoka, mpaka saa 4 na nusu nimeshapiga masaa manne na kwa mzigo mwendo wa km 15 kwa saa hiyo ni 60. Katikati hapo saa 3 nasimama kwenye supu. Baada ya hapo nakaa chini ya mti mpaka saa 8, nalala kabisa, sioni aibu, halafu namalizia kipande kifupi cha jioni. Siku tatu za kwanza usizidi 70 hata ukitukanwa. Siku ya sita au ya saba usinyonge kabisa, fua, lala, kata kucha, piga simu nyumbani.

Goti sasa. Ukisikia maumivu mbele ya goti mara nyingi siti iko chini, ukisikia nyuma iko juu. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande, hapo umeipata. Na unyonge gia nyepesi miguu izunguke harakaharaka, usikae na gia nzito kama unapanda ngazi na gunia. Kama yako ni gia moja basi mlimani shuka sukuma, wauza mkaa wanasukuma kila siku na hakuna anayewaita wavivu.

Watu wanapenda kunitolea mfano wa Mark Beaumont, yule wa Uskochi aliyezunguka dunia mwaka 2017 kwa siku 78 na masaa, anapiga masaa 16 kwa siku. Ni kweli, ila yule alikuwa na timu nyuma yake inapika, inatengeneza baiskeli, inamkanda misuli, yeye kazi yake kunyonga tu. Na bado siku yake ilikatwa vipande vinne vya masaa manne manne. Hata yeye bwana alikuwa anafuata saa.

Ukifika Dodoma safari hii lala, nenda Bahi kesho yake hata kama ni karibu. Na kabla ya mlima Sekenke, ule wa kushuka kuelekea Shelui na Igunga, kagua raba za breki jioni yake, usikague ukiwa umeshaanza kuteremka.

SWALI: Kaka habari, nipo Kahama. Mi ratiba yangu inavunjwa na pancha tu. Kuna wiki nimeziba sita. Tairi ni mpya. Naanza kuamini nimerogwa.

JIBU: Hujarogwa ndugu yangu, we unaziba tyubu halafu unairudisha kwa adui yake. Huko kwenu kuna vitu viwili. Cha kwanza mbigili, hizo unaziokota ukitoka nje ya lami kwenda kujisaidia au kupumzika kivulini, kwa hiyo baiskeli ibebe, usiiburute majanini. Cha pili ndo kibaya zaidi, vile vinyuzi vya waya vinavyobaki pembeni ya barabara malori yakipasua matairi. Ni vyembamba kama unywele, vinaingia kwenye tairi huvioni, tyubu inashuka polepole, unaziba, kesho palepale tena.

Dawa ni kazi ya jioni. Ukishuka tu, kabla hujavua viatu na kabla hujaonja kitanda cha gesti (kitanda hicho ni adui, ukikaa umekwisha), pindua baiskeli, zungusha matairi taratibu ukikagua na mwanga, toa kila kijiwe na mwiba. Ukiwa umepata pancha chukua kipande cha pamba au soksi kuukuu pitisha ndani ya tairi lote, pale pamba inaponasa ndo waya ulipo, utoe kwa koleo ndogo au kikata kucha. Hapohapo futa cheni kwa kitambaa, tone la mafuta, gusa spoku moja moja kama kuna iliyolegea. Dakika 20 haziishi. Mi nafanya hivyo kila siku hata nikiwa sina shida, maana siku nilizoruka ndo siku zilizonikamata njiani na solusheni (gundi ya kuzibia pancha) imekauka kwenye tyubu yake. Ehe, hiyo nayo, solusheni ukishaifungua mara moja ihesabie imekufa, beba nyingine mpya.

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27, Arusha. Nataka niende Tanga peke yangu mwezi wa 8. Mama analia kila nikigusa baiskeli. Nipange vipi siku zangu ili na yeye alale?

JIBU: Marahaba dada. Mama mheshimu, analia kwa sababu hajui utakuwa wapi saa ngapi. Mpe ratiba kwenye karatasi, kwa mkono, abandike jikoni. Moshi, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Tanga. Kipande cha Same mpaka Mombo ndo kirefu, unapita Makanya, Hedaru, Mkomazi, ondoka siku hiyo mwanga ukianza na maji ya kutosha. Mpigie simu mara mbili tu, saa 4 na nusu ukipumzika na jioni ukishapata chumba. Usimwahidi mara tano, siku mtandao ukikata mara moja atapandisha presha ukoo mzima.

Jioni nidhamu yako iwe kali kuliko yangu, saa 9 uwe mjini, mchana wa kuchagua gesti yenye familia au nyumba ya masista uwe nao. Ukikwama kijijini nenda kwa mwenyekiti au mtendaji ujitambulishe, akikupokea yeye umepokelewa na kijiji kizima. Barabarani ukiulizwa unalala wapi leo sema unamkuta kaka yako mbele. Kaka mwenyewe ndo mimi, sio uongo.

Na mama mwambie hivi, mwaka 1992 Dervla Murphy wa Ayalandi alitoka Kenya mpaka Zimbabwe kwa baiskeli, peke yake, akiwa na miaka 60. Na 2018 Jenny Graham alizunguka dunia siku 124 na kitu, hana gari nyuma, hana msaidizi, anabeba vitu vyake mwenyewe. Tanga utafika.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Unguja. Nataka kutoka Dar kwenda Mtwara kwa baiskeli. Wasiwasi wangu ni swala, naogopa safari itanivuruga au swala zitanichelewesha.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Kaka, we ndo una bahati kuliko wote waliotuandikia mwezi huu. Huyo wa Morogoro natafuta namna ya kumfundisha kusimama, wewe kuna mtu atakuadhinia. Mi njia ya kusini ndo iliyonipanga. Alfajiri unaswali, unakunywa chai, mwanga unatoka unaondoka. Adhuhuri inakukuta joto limeshika kweli, na pwani ile joto lake lina unyevunyevu, jasho halikauki. Kibiti, Ikwiriri, ukishavuka daraja la Mkapa pale Rufiji uelekee Somanga na Nangurukuru, misikiti ipo njiani, na msikitini kuna kivuli, kuna maji, kuna mkeka, na kuna mzee atakayekuuliza unatoka wapi. Lala hapo baada ya swala kama wenyewe wanaruhusu. Asri ikiadhiniwa ndo mwisho wa kunyonga, magharibi ikukute umeshaoga.

Msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya swala, hilo muulize sheikh wako kabla hujavuka maji, mi ni mtu wa cheni. Nachojua ni kwamba siku nilizokuwa naruka kupumzika adhuhuri ili nisogee mbele, nilifika nyuma.

Jasho la huko lisikudanganye ukanywa maji matupu lita sita. Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe vya kufutwa juu, kunywa taratibu. Ikizidi chumvi kuliko machozi imwage utengeneze nyingine.

SWALI: Nipo Maskati, nimezaliwa Tanga. Washkaji wanasema Salalah, kusini mwa Oman, kipindi cha Khareef (msimu wao wa mvua) ni kijani kama Lushoto. Nataka niende na baiskeli mwezi wa 7 peke yangu, ratiba iweje?

JIBU: Ratiba ni hii, panda basi. Salalah kweli inakuwa na ukungu na manyunyu, ila kabla ya kufika kuna Adam, Haima na jangwa mpaka Thumrait, mwezi wa 7 joto linapita nyuzi 40 na huko kuamka mapema hakukuokoi, vituo vimeachana mbali mno. Subiri mwezi wa 12 au wa 1 uniandikie tena, tutapanga vizuri.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Songea. Likizo huwa naenda Mbeya kwa baiskeli kupitia Njombe. Mwili hauna shida. Shida ni jioni, nikishafika najiuliza nafanya nini huku, mke na watoto wako nyumbani, baridi la Njombe linaingia mpaka mfupani, natamani kurudi.

JIBU: Mwalimu, hilo swali linakuja saa ngapi? Mi nakisia saa 11, 12 jioni, umeshaoga, hujala. Nina sheria moja nimejiwekea, sifanyi uamuzi wa kurudi nyumbani nikiwa na njaa wala ikiwa usiku. Nikitaka kurudi niamue asubuhi baada ya chai. Miaka yote hii nimeamua kurudi mara moja tu, na ile mara moja nilikuwa na malaria, kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Halafu andika. Sio lazima iwe hadithi, daftari la shule la kurasa 40 linatosha, umelala wapi, umekula nini, nani alikusaidia. Kulikuwa na Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, mwaka 1931 alianzia Tripoli na baiskeli, akaenda mpaka ncha ya kusini kabisa ya Afrika kisha akarudi tena mpaka Algiers mwaka 1936, karibu km 40,000, Kongo na Rwanda alipita, kuna mahali ilibidi atembee kwa miguu, kuna mahali farasi, mtumbwi, ngamia. Alikuwa anamwandikia mkewe barua njiani kote. Yule barua ilikuwa inachukua wiki ngapi sijui na wewe una simu, lakini jaribu barua. Simu ya video jioni ukiwa mnyonge mi naona inaongeza unyonge, mtoto anakwambia baba njoo, utalala vipi? Piga asubuhi ukiwa na nguvu. Jioni kaa jikoni na wenye gesti, ota moto, saidia kumenya viazi.

Na Njombe beba sweta mbili, tusisingizie upweke kumbe ni baridi.

SWALI: Habari ya kazi. Mume wangu alisoma kona yako, akaenda safari ya wiki tatu peke yake, amerudi salama nashukuru. Ila sasa ni mwezi mzima anaamka saa 11 kamili, anakunywa maji nusu lita, saa 9 na nusu anaacha kila anachofanya, na kila jioni anapindua baiskeli sebuleni kwangu anafuta cheni. Mafuta yameshaingia kwenye zulia. Na baiskeli hajaipanda tangu arudi!

JIBU: Shemeji, zulia naomba radhi. Mtandikie gazeti kuukuu huko uani, mwambie kule mwanga ni mzuri zaidi. Na kwa kuwa saa 11 ameshaamka na hana pa kwenda, uji wa watoto unachukua dakika 20, sawasawa na cheni.